Baba wa watoto sita, jina lake boyi

Kiswahili cha Goma kimekopa Kifaransa kwa wingi. Mpaka wa kwenda Gisenyi ni baryera, mwendesha pikipiki ni motari, mlinzi wa usiku ni sentineli. Kiingereza kimekuja nyuma sana, kikipitia Kampala na Kigali, redio, filamu na simu. Ndiyo maana inashangaza kwamba neno moja la Kiingereza limekaa katika nyumba zetu tangu enzi za Wabelgiji, likazoeleka hata msemaji hafikiri tena kwamba lilitoka mahali. Neno hilo ni boyi. Kwa Mwingereza wa leo ni mtoto wa kiume. Kwa mkazi wa Himbi, Katindo au Kyeshero ni mtu anayepika, anayefua, anayepiga deki na kwenda sokoni kwa niaba ya familia isiyo yake. Anaweza kuwa na miaka 17 au 55. Anaweza kuwa baba wa watoto sita na mzee wa kanisa siku ya Jumapili. Jumatatu akiingia getini ni boyi. Hoja yangu ni kwamba neno hili halikudumu kwa sababu Kiswahili kilikosa jina la kazi hiyo. Limedumu kwa sababu linafanya jambo ambalo maneno yetu wenyewe yangelikataa: linamtoa mtu mzima kwenye ngazi ya heshima ambayo kila mwingine mjini humu ana daraja lake.

Huyo wa nyumbani ndiye boyi wa kwanza, lakini si wa pekee. Yupo boyi-shofa, kijana anayesafiri juu ya mzigo wa lori kwenda Rutshuru, Butembo au Walikale. Ndiye anayeweka jiwe chini ya gurudumu mlimani, anayekaza kamba, anayelala juu ya magunia ili yasiibiwe, na gari likizama kwenye matope ndiye wa kwanza kushuka. Tanzania wanamwita utingo, Kenya taniboi, na humo pia Kiingereza kilekile kimejificha mwishoni mwa neno. Yupo boyi asiye na kazi maalumu, yule anayetumwatumwa tu: mtoto akiambiwa na yaya yake, yaani mkubwa wake, amletee maji, hujibu kwa ukali, "Miye si boyi yako." Tena yupo boyi wa siasa. Kiongozi akionekana anapokea maagizo kutoka kwa mwenye nguvu kuliko yeye, wapinzani wake humwita boyi wa huyo mkubwa, na hakuna anayehitaji ufafanuzi. Ukiyaweka matumizi haya yote pamoja unaona kitu kimoja kinachoyaunganisha. Boyi ni mkono unaofanya kazi ambayo jina lake litaandikwa kwa mwingine. Dereva ndiye aliyefikisha lori Butembo. Mama mwenye nyumba ndiye aliyepokea wageni vizuri. Ukali wa yule mtoto unatoka hapo: hakatai maji, anakataa kufutwa.

Wapo watakaosema kwamba hili ni suala la tafsiri mbaya ya Wazungu: waliita watu wazima watoto, basi. Historia ya neno lenyewe ni ngumu zaidi, na inafaa tuisimulie. Katika Kiingereza cha Kati, kwenye maandishi ya karne ya 13 na ya 14, neno hili halikuanza kama jina la mtoto. Lilianza kama jina la mtumishi, mtu wa chini, asiye na nasaba. Maana ya mtoto wa kiume ilikuja baadaye na kuitawala ile ya kwanza. Waingereza walipokwenda India walilitumia kwa watumishi wao wenyeji wa umri wowote, na huko likakutana na neno jingine linalofanana nalo kwa ajabu. Kamusi ya Hobson-Jobson, iliyotungwa na Henry Yule na A. C. Burnell na kuchapishwa mwaka 1886, inaeleza kwamba wabeba machela wa kusini mwa India waliitwa kwa jina la tabaka lao, ambalo kwa Kitelugu ni boyi. Silabi zilezile tunazotamka sisi hapa kando ya ziwa Kivu. Kwa hiyo mtu akinitaka nikubali kwamba boyi wa Goma hana uhusiano na mtoto, nitakubali nusu. Lakini angalia anachopata kwa ushindi huo. Njia ya kwanza ya neno inapita kwa mtu asiye na nasaba, ya pili inapita kwa tabaka la wanaobeba wenzao mabegani, ya tatu kwa mtoto asiye na kauli mbele ya wakubwa. Hakuna hata moja inayopita kwa mtu mzima mwenye jina.

Wafaransa walilichukua neno hilo katika karne ya 19 kwa ajili ya makoloni yao, Wabelgiji nao wakaja nalo Kongo, ambako lilizaa watoto wake. Mwanamke akaitwa boyesse. Kijumba cha nyuma ya nyumba kubwa, chenye vyumba viwili vidogo na choo chake nje, kikaitwa boyerie, na hapa kwetu boyeri. Kivu ilipata sehemu yake kubwa ya mambo haya. Baada ya Kamati ya Taifa ya Kivu kuundwa mwaka 1928 na kupewa mamlaka ya kugawa ardhi kwa walowezi, mashamba ya kahawa, chai na pareto yalienea kutoka Rutshuru hadi Masisi, na kila nyumba ya mlowezi ilihitaji mpishi, mfuaji, mtunza bustani. Nyumba za Goma zilizopangwa kando ya ziwa zilijengwa kwa mpango huohuo: sebule inatazama maji, boyeri inatazama ukuta. Neno lilikuwa na mahali pake kwenye ramani ya kiwanja kabla halijawa na mahali kwenye kamusi. Leo boyeri nyingi zimepangishwa kwa wanafunzi na familia changa, na wapangaji wanapendelea kusema aneksi. Wamefanya vizuri. Hakuna anayependa kutoa anwani ya boyeri, na kusita huko kunaonyesha kwamba tunalisikia neno vizuri sana pale linapotuangukia sisi.

Ushahidi mzito zaidi unatoka kusini, Lubumbashi, na umeandikwa kwa Kiswahili. Mwaka 1965 mtu aitwaye André Yav aliandika, kwa niaba ya chama cha watumishi wa zamani wa majumbani, historia ya mji wao kwa Kiswahili cha Katanga, akaipa jina la Kifaransa lenye maana ya msamiati wa mji wa Elisabethville, kama Lubumbashi ilivyoitwa wakati huo. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian aliichapisha mwaka 1990 pamoja na tafsiri na maelezo yake. Katika andiko hilo waliokuwa jikoni ndio wanaosimulia ujio wa Wazungu Katanga, ujenzi wa mji, migodi, na mgomo wa mwaka 1941 uliozimwa kwa risasi. Nalipa umuhimu kwa sababu mbili. Kwanza, linaonyesha kwamba aliyeitwa boyi alikuwa shahidi wa karibu kuliko wote: alisikia mezani, aliona chumbani, alijua nani anadaiwa na nani anaogopa. Pili, hawa watu hawakungoja mwanahistoria awape sauti. Waliunda chama, wakamteua mwandishi wao, wakachapa. Jina lao la kazi lilikuwa limewafuta kwenye kila simulizi ya mji, na baada ya uhuru wakauandika mji huo upya wakiwamo ndani yake.

Hapa ndipo pingamizi la kwanza kubwa linapoingia, nalo ni la watu wa busara: neno ni neno tu, tumbo halishibi kwa kuitwa vizuri. Nalijibu kwa siku ya uhuru, tarehe 30 Juni 1960. Patrice Lumumba aliposimama Léopoldville mbele ya mfalme Baudouin na kuorodhesha yale ambayo Wakongo hawatayasahau, alitaja kazi za kuvunja mgongo kwa ujira usiotosha chakula, alitaja ardhi zilizonyang'anywa, alitaja magereza na risasi. Na katikati ya hayo, bila kuomba radhi kwamba ni jambo dogo, alitaja namna Mweusi alivyosemeshwa kwa kile kiwakilishi cha Kifaransa cha mtu wa chini, kwa kuwa kile cha heshima kilitengwa kwa Wazungu peke yao. Angeweza kukiacha. Hotuba ilikuwa fupi na mashtaka yalikuwa mengi. Alikiweka kwa sababu alijua, kama kila aliyewahi kufanya kazi chini ya mwingine anavyojua, kwamba namna unavyoitwa asubuhi ndiyo inayoamua utaruhusiwa kudai nini jioni. Mtu asiyejali maneno hajawahi kuitwa kwa neno baya mbele ya watoto wake.

Lakini historia iliyofuata inauma zaidi, kwa kuwa hatuwezi kuwabebesha Wabelgiji lawama zake. Elisabethville ikawa Lubumbashi mwaka 1966. Mwaka 1971 nchi ikawa Zaire, na mwaka uliofuata raia wakaamriwa kuacha majina ya Kikristo na kuchukua ya mababu. Bwana na bibi wa Kifaransa wakafutwa, kila mtu akawa raia, citoyen au citoyenne, kuanzia waziri hadi muuza dagaa. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu akatangaza kwamba mashamba na maduka ya wageni yatapewa Wazaire. Lilikuwa zoezi kubwa la kubadili majina, la watu, la miji, hata la nchi nzima. Neno boyi halikuguswa. Lilipita chini ya mawimbi yote hayo kwa sababu rahisi: walioingia katika nyumba kubwa walizikuta na boyeri zake, na walioandika maagizo hayo ya majina walikuwa na mtu jikoni. Raia alimwita raia mwenzake boyi bila kuona mgongano. Naamini hiki ndicho kipimo cha kweli cha neno: limeshinda kampeni kali sana ya majina, kwa kuwa wenye uwezo wa kulifuta ndio waliokuwa wanalihitaji.

Tuone sasa ngazi yenyewe. Mji huu una utaratibu mkali wa kuitana, na mgeni kutoka Dar es Salaam au Nairobi huuona haraka. Mwanaume mzima ni papa, mara nyingi na jina la mtoto wake wa kwanza: Papa Asifiwe, Papa Furaha. Mwanamke ni mama kwa namna hiyohiyo. Mwenye umri ni muzee. Anayekuzidi miaka michache ni yaya. Motari akitafuta abiria humwita kila mwenye mkoba shefu, patroo au bosi, hata asipomjua. Hilo la mwisho nalo ni neno tulilolipata kupitia Kiingereza, ambacho kililichukua kwa Waholanzi, ndugu wa lugha wa Wabelgiji wa Flandria. Kiingereza basi kimetupa bosi na boyi, juu na chini, lakini tazama tunavyovigawa. Bosi tunamrushia mtu yeyote njiani kwa ukarimu. Boyi hatumwiti mtu usoni kwa kumpendeza. Na yule anayekaa jikoni, mwenye watoto waliosajiliwa shuleni kwa jina lake, hana daraja katika ngazi hii: anaitwa kwa jina la ubatizo kama mtoto, au haitwi kabisa, anatajwa tu. Boyi ametoka. Muulize boyi. Mtoto wa nyumba mwenye miaka minane anamwita Jean au Bahati mtu anayelingana na babu yake, na hakuna anayemsahihisha, ilhali mtoto huyohuyo angepigwa kofi kama angethubutu kumwita jirani hivyo.

Je, tulikosa neno? Kiswahili kina mzizi mmoja mzuri, tuma, na Kongo imeutumia kwa upana sana. Hapa kutumika maana yake ni kufanya kazi, kazi yoyote: gavana anatumika, daktari anatumika, mwalimu anatumika hata asipolipwa. Kutoka mzizi huohuo tuna mutumishi. Lakini ukisema mutumishi katika kanisa lolote la Ndosho au Majengo watu watageuka kumtazama mchungaji, kwa kuwa mutumishi ya Mungu ni cheo cha mimbarani. Serikalini pia, kwa Kiswahili cha nchi jirani, mtumishi wa umma ni mtu mwenye mshahara, likizo na pensheni. Neno letu la kutumikia limepandishwa madhabahuni na ofisini. Kwa anayetumikia kweli, kwa mikono, kwa sabuni na moto wa makala, tumebakiza neno la mgeni. Sisemi kwamba mtu mmoja alikaa akapanga hivyo. Lugha hugawanya maneno kama familia inavyogawanya vyumba, na anayepewa chumba cha nyuma hupewa bila kikao.

Pingamizi la pili ni kwamba neno limekwisha kuwa letu, limevaa sauti yetu, na masikio ya leo hayasikii tena utoto wala ukoloni ndani yake. Hoja hii ina nguvu. Maneno hubadilika; shule, meza na kanisa vyote vilikuja na wageni, na hakuna anayelalamika. Tena mwanafunzi wa Goma anaposikiliza muziki wa Lagos, ambako Wizkid anajiita Starboy, au anapoiga vijana wa Kampala na Nairobi wanaowaita marafiki zao kwa neno hilohilo, haliwi tusi kwake. Ni sifa, ni undugu wa rika. Tukirudi nyuma zaidi tunakuta jambo la kuvutia: katika Léopoldville ya miaka ya 1950, wakati baba zao walikuwa baboyi katika nyumba za Wazungu, vijana wa mitaani waliotazama filamu za Buffalo Bill walijiita Bill, wakavaa kama wachunga ng'ombe wa Marekani, wakatunga misimu yao. Mchunga ng'ombe huyo kwa Kiingereza ni cowboy. Neno lililomwinamisha baba lilimsimamisha mwana, kwa kuongezewa ng'ombe tu mbele. Kwa hiyo silabi hizi hazina laana. Sitaki ziondolewe mdomoni mwa kijana anayemwita mwenzake hivyo kwa kupenda.

Lakini pingamizi hilo linathibitisha zaidi ya linavyotaka. Kama maana hutegemea nani anamwita nani, basi swali la maana haliwezi kujibiwa kwa kusema neno limezoeleka. Mahakama Kuu ya Marekani ililiona hilo mwaka 2006, katika kesi ya wafanyakazi Weusi wa kiwanda cha kuku cha Tyson Foods huko Alabama, ambao meneja wao Mzungu aliwaita kwa neno hili. Mahakama ya chini ilikuwa imesema kwamba neno hilo likisimama peke yake, bila kutajwa rangi, si ushahidi wa ubaguzi. Mahakama Kuu ilikataa: maana yake inaweza kutegemea muktadha, sauti ya msemaji, desturi ya mahali na historia ya matumizi. Miaka 38 kabla yake, mwaka 1968, wazoa taka wa Memphis waliogoma walibeba mabango yenye maneno manne ya Kiingereza, kila mmoja akitangaza kwamba yeye ni mwanamume. Bango hilo lilikuwa jibu kwa neno tunalolizungumza hapa. Hakuna rangi mbili katika nyumba ya Goma, hiyo ni kweli, mwajiri na mwajiriwa wanaweza kutoka kijiji kimoja cha Lubero. Desturi ya mahali na historia ya matumizi, hata hivyo, tunazo. Anayesema halisikii neno hili afanye jaribio jepesi: amwite hivyo mkuu wa shule ya mwanawe, kisha atueleze kama limezoeleka.

Pingamizi la tatu nalipenda kuliko yote kwa sababu linatoka kwa wanaojali mshahara. Wanasema: lipeni vizuri, kisha tuiteni mnavyotaka. Ila mshahara hudaiwa kwa jina la mtu fulani, mfanyakazi. Sheria ya Kazi ya Kongo ya tarehe 16 Oktoba 2002 inamjua mfanyakazi na mwajiri, na mkataba kati yao. Amri ya Mei 2018 iliweka kima cha chini cha wakati huo cha faranga 7,075 kwa siku kwa kibarua wa kawaida. Mwajiri wa nyumbani anayesikia takwimu kama hiyo mara nyingi hushangaa kwa dhati, si kwa ubahili tu: hajawahi kufikiri kwamba aliyeko jikoni ni kibarua. Ni boyi. Anapewa chakula, anapewa nguo kuukuu, anapewa kitu mwisho wa mwezi. Lugha imemweka nje ya sheria kabla ya mwanasheria kufika. Tanzania, ambayo haina rehema ya pekee kwa watumishi wake, imewaweka wafanyakazi wa majumbani katika amri zake za kima cha chini cha mshahara, na kwa madaraja: anayefanya kazi kwa wanadiplomasia, anayelala kwa mwajiri, asiyelala. Ina chama kinachowasemea, CHODAWU, kama Kenya ilivyo na KUDHEIHA. Shirika la Kazi Duniani lilipopitisha Mkataba namba 189 mwaka 2011, kichwa chake kiliwataja kama wafanyakazi wa majumbani. Amri ya mshahara kwa boyi isingeweza kuandikwa. Ungeanzaje kifungu cha kwanza?

Mji wetu una mfano wake, tena mitaa ileile. Tangu mwaka 1994, wakimbizi walipofurika kutoka Rwanda, mashirika ya misaada yamekuja Goma na kupanga nyumba nyingi. Shirika likimwajiri mtu kwa nyumba yake ya wageni, huandika kwenye mkataba mpishi, msafishaji, mlinzi, na huyo mlinzi hupewa saa zake. Mtu huyohuyo akihamia nyumba ya pili, kwenye barabara hiyohiyo, kwa mwajiri aliyeajiriwa na shirika hilohilo, anarudi kuwa boyi. Ujuzi wake haukubadilika njiani. Sahani ya samaki wa sambaza anayoikaanga ni ileile. Kilichobadilika ni kama kuna karatasi inayomlazimu mwajiri kusema anafanya nini.

Naogopa pia dawa mbaya. Dar es Salaam wengi wameacha hausigeli wakasema dada, na inapendeza, lakini undugu wa mdomo unaweza kuficha kuliko tusi. Anayeitwa mtoto wa nyumbani halipwi, kwa kuwa mtoto halipwi. Na hapa Goma hilo si jambo la kubuni. Vita vya Masisi, Rutshuru na Nyiragongo vimesukuma familia mjini mara nyingi, na wazazi waliopoteza shamba huwaachia jamaa au wageni watoto wao kwa tumaini la chakula na shule. Mvulana wa miaka 13 anayeamka kabla ya wote na kulala baada yao naye anaitwa boyi. Neno linafanya sasa kazi yake ya pili, iliyo kinyume cha ile ya kwanza: lilimfanya mtu mzima mtoto, na sasa linamfanya mtoto mtu wa kazi, ili asionekane kwamba ni mtoto. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inasema mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18. Jirani anayesikia kwamba nyumba ya pili wana boyi hataulizia umri. Angesikia kwamba wana mtoto wa miaka 13 anayefua nguo za watu wanane, labda angeuliza. Kwa mtu mzima nataka jina la kazi pamoja na papa. Kwa mtoto nataka aitwe mtoto, kwa sauti, ili ionekane kwamba hapaswi kuwa pale.

Litabaki pingamizi la mwisho: wenyewe wanajiita hivyo. Wapo, kama walivyokuwapo Elisabethville, na wana haki ya kulibeba jina hilo kama askari mstaafu anavyobeba kovu. Lakini sikiliza wanavyojieleza wanapoulizwa na mtu wasiyemfahamu, kwenye foleni ya maji au mazishini. Mara nyingi nomino haitokei kabisa. Mtu husema, "Ninatumika mu nyumba ya mutu ku Himbi," kwa kitenzi kilekile anachokitumia daktari na gavana. Kiswahili cha Goma kimekwisha kutunga sentensi tunayoihitaji, na waliotunga ni wao. Mwenye nyumba akitaka kuisema upande wake, haihitaji semina wala waraka: Papa Asifiwe anatumika kwetu, ni mpishi.